Kétsia Alale

Pinga, siku ya Mungu, 6/10

Leo Kétsia wangu amepanda pikipiki ya Papa Symphorien kwenda Walikale, kuanza masomo ya uganga wa hospitali. Mbele ya kupanda alinipatia hii kaye, akasema: «Mama, wewe unasema sana. Sasa andika, nikirudi nisome.» Mutoto wa kunichezea! Lakini nimeanza. Mimi nilifika darasa la sita, nikaacha sababu ya ndoa, na mwalimu wetu alisema mwandiko wangu unapita wa wavulana wote. Mwenye atafungua hapa ataona yeye mwenyewe.

Basi niandike kwanza jambo ambalo kila muntu wa Pinga analijua. Kétsia Kasika, binti yangu wa kwanza, miaka kumi na tisa, alipata sabini na moja kwa mia kwa diplome ya serikali. Toka kilima yetu ya Masisi hakuna mwanamuke aliyefika pale. Wanaume wenyewe ni wawili tu. Mukasine, jirani yangu, anasema nimeshamusimulia hiyo mara kumi na ine. Anahesabu juu ya wivu.

Mvua ilianza pikipiki ilipopotea kwa kona. Nikasimama pale niko nalowa. Faustin, bwana yangu, akaja na mwavuli: «Mama Kétsia, wale wameshavuka mito mbili, na wewe ungali unapunga mukono.»

9/10

Nilipanda nyuma ya kanisa, pale rezo ya simu inashika. Kétsia akapokea. Yeye na Gaëlle, binti ya Symphorien, wanakaa chumba moja kwa internat, ile nyumba wanafunzi wanalala. Vitanda viwili vya chuma, dirisha moja, mulango moja, taa ya soleri. «Unalala muzuri?» «Kidogo, mama.»

Kidogo! Muntu wa kusoma uganga atalala kidogo namna gani?

Nilimwambia Mukasine juu ya kitanda ya chuma. Akauliza: «Chuma haina baridi?» Alitaka kunichokoza, lakini neno limeniingia.

Siku ya posho, jumamosi, 12/10

Nimetuma bulangeti. Si hizi za soko, ni ile ya Masisi, nzito, ya mistari, niliyopewa siku ya arusi. Symphorien ni muntu wa Butembo, anajua barabara zote mpaka Kisangani, na anapenda kubishana.

«Mama Kétsia, Walikale ni pori, ni joto tu. Wantu wanalala na kitenge. Hii ni ya kupika muntu.»

«Papa Gaëlle, beba.»

«Gaëlle mimi nilimupa shuka moja, na analala kama gunia ya muhogo.»

«Gaëlle hakupata sabini na moja.»

Akafunga bulangeti kwa pikipiki.

15/10

Tumepalia maharagi. Mvua toka saa saba mpaka jioni.

16/10

Mvua. Nililala vibaya. Nilisikia sufuria inagonga, kumbe ni maji ya bati.

19/10

«Kétsia, bulangeti ilifika?»

«Ilifika, mama, aksanti. Imeingia mahali yake.»

«Na usingizi?»

«Kidogo.»

Mukasine anasema ni mbu. Pale pori mbu ni wengi na wanaimba. Ile chandarua tulipewa kwa kituo cha afya, bado iko kwa plastiki yake, nimeituma kwa muntu wa pikipiki mwingine. Nimetia na muto, nimeujaza mwenyewe na pamba. Mukasine anatengeneza mito kwa nyasi. Mimi hapana.

23/10

Mvua. Sikulala. Faustin anakoroma tu.

Siku ya posho, 26/10

Arusi kwa Mukasine, mutoto wa dada yake. Wageni wengine walitoka Masisi, na mmoja aliposikia jina Kasika akauliza: «Si njo nyinyi mulikuwa na ule mutoto?» Nilingojea tu hilo! Nikasimama.

Niandike vile nilivyosema, maana nasema muzuri nikiwa nimesimama. Kétsia alikuwa na miaka minane. Tulikuwa tungali kwetu, juu ya kilima, na miaka ile ya vita hakuna mutoto wangu aliyevua viatu mbele ya kulala. Nguo mwilini, mufuko kwa mulango, umefungwa fundo ile ya kufunguka kwa kuvuta mara moja. Niliwafundisha mimi. Muchana nilikuwa nawapima: «Amkeni!» na nikahesabu. Wa majirani walifika mia. Wangu, kabla ya makumi tatu, wako inje na mufuko kwa kichwa.

Usiku ule mbwa wa bonde wakalia, kisha wakanyamaza wote pamoja. Sisi wakubwa tulilala. Kétsia njo alisikia kule kunyamaza. Akatuvuta miguu, mimi, baba yake, wadogo wake. Tulipofika kwa mihogo ya juu nyumba yetu ilikuwa inawaka. Hakubaki hata muntu moja ndani. Asubuhi, mbele ya wantu wote waliokimbia, nilimushika kichwa, nikasema: «Huyu njo Sikio ya Nyumba.» Na jina lilibaki. Toka siku ile mimi nalala kama jiwe, maana najua Kétsia yuko.

Walipiga makofi. Bibi arusi alilia kidogo. Mukasine akaniambia kwa sikio: «Leo ni arusi ya mutoto yetu, Mama Kétsia, si yako.» Lakini alikuwa anacheka.

27/10

Mvua. Nililala vibaya tena. Nitakuwa nazeeka.

Siku ya posho, 2/11

Symphorien amerudi. Anasema Gaëlle alimwambia hivi: toka wafike kule hajamuona Kétsia amelala. Hata siku moja.

«Anasoma!» nikasema. «Umesikia, Faustin? Usiku kucha mutoto wako yuko juu ya vitabu!»

Nilizunguka na habari hiyo mpaka kwa mwenye kusaga unga. Lakini kichwa ya kusoma hivyo inataka mahali pa kuegama. Tumetafuta matela ya sifongo, ile ya rangi ya bluu, na rido ya dirisha, nene, jua lisimuamushe mapema. Symphorien alikunja matela, akaikanyaga, akaifunga na mpira wa gurudumu.

«Bulangeti, chandarua, muto, rido, matela. Mwishowe utanibebesha na ukuta, Mama Kétsia.»

«Utabeba na ukuta, kama ni muzuri.»

6/11

«Matela ilifika?»

«Ilifika. Aksanti sana, mama. Ni nzito.»

«Uzito njo uzuri! Na usingizi?»

Nikafikiri rezo imekatika.

Siku ya posho, 9/11

Leo Kétsia alinipigia yeye mwenyewe. Kétsia halii. Leo alilia.

Ilikuwa siku ya kupima watoto wachanga kwa hospitali, yeye na wanafunzi wenzake wako kwa staji, kujifunza kazi. Alisimama na kalamu kando ya mizani ili aandike kilo. Akalala. Amesimama, macho wazi, amelala! Akaanguka, akashika mizani, ikaanguka naye. Mutoto alikuwa bado kwa mikono ya mama yake. Mungu asante, Mungu asante, nimeiandika mara mbili na bado haitoshi. Lakini Mama Emérita, mwenye kuangalia wanafunzi wa staji, ameandika kwa dosiye yake: ikitokea mara moja tena, staji imekatwa, na mwaka mzima umeenda.

«Mama, usimwambie muntu.»

«Mimi? Nimwambie nani?»

Nilibaki kule nyuma ya kanisa mpaka mvua ikanifukuza.

10/11

Mukasine: «Habari ya muganga wetu?» Nikasema: «Muzuri sana.» Kuongeza, mimi naongeza. Lakini kusema uongo juu ya Kétsia, hii njo mara ya kwanza.

11/11

Nimewaza usiku kucha. Bulangeti iko, matela iko, rido iko. Nini inakosa? Faustin anasema: «Labda kitanda iko na kunguni.» Kunguni! Hapo tu ameamka, na amesema upuuzi.

12/11

Nitaenda mimi mwenyewe.

Walikale, siku ya tano, 15/11

Siku mbili juu ya pikipiki ya Symphorien. Mahali pengine tulishuka tukaisukuma kwa matope, mimi nyuma na kitenge juu ya magoti. Symphorien alisema: «Mama ya muganga, sukuma!» Joto ya huku inashika shingo. Nimefika na jasho tupu, nikawaza ile bulangeti ya Masisi, na nikaona haya kidogo. Kidogo tu.

Kwa lango la internat kuna mulinzi, Papa Jean-Luc, mwanaume mufupi na filimbi shingoni.

«Mama, carte.»

«Mimi ni mama ya Kétsia Kasika.»

«Hiyo si carte.»

«Alipata sabini na moja!»

«Bado si carte.» Nikamutolea kadi yangu ya kura. Akaisoma pande zote mbili, akaandika jina langu polepole kwa kitabu chake, ndipo akafungua.

Chumba namba tisa. Gaëlle alikuwa pale, akanikumbatia. Kwa upande wa Gaëlle: shuka ya maua, chandarua, picha ya Bikira Maria, viatu vinne. Upande wa Kétsia: kitanda ya chuma, na chuma tu. Nyaya tupu. Nilidhani wameiba vitu vyangu, nikafungua mudomo ili nipige kelele. Ndipo nikaona kwa mulango. Mifuko miwili, imefungwa. Kando yake matela ya bluu, imekunjwa vilevile, na mpira wa Symphorien juu yake. Chini, kitenge moja. Nilishika mufuko wa kwanza: bulangeti na chandarua ndani ya plastiki. Wa pili: muto, rido, vitabu, sufuria ndogo. Na fundo ilikuwa ile yangu.

Kétsia aliingia kutoka hospitali. Amekonda, macho yameingia ndani kabisa.

«Kétsia, hivi ni nini?»

«Ni vitu vyako, mama. Vyote viko.»

«Naona viko! Juu ya nini haviko kwa kitanda?»

«Nikitandika, nitakunja kwa muda gani?»

Hilo swali ni langu. Mimi njo nilikuwa nawauliza.

«Nimeshapima,» akasema, kwa sauti ya muntu anayesoma somo. «Bulangeti peke yake, nikihesabu, napita mia. Nilikuja na mufuko moja, ningetoka nayo mbio. Sasa iko miwili na matela. Kila siku unapotuma kitu, mama, nahesabu upya.»

Gaëlle akaingilia: «Mama, mimi namwambia hapa hakuna vita! Analala wima kama mwiko kwa ukuta. Na anakaa kwa mulango, nikitaka kwenda choo lazima nimuruke!»

«Na unaporuka nakusikia,» Kétsia akasema. «Wewe ungekufa hapa na shuka zako. Mimi nasikia kwa ajili yetu wote wawili.»

Sikutaka kusikia zaidi. Nilikunja mikono ya nguo. Mimi nikiingia kwa kazi, wantu wanakaa kando. Tulisukuma kitanda mpaka ukuta wa ndani, mbali na mulango. Matela, shuka ya Gaëlle moja, chandarua nikaifunga kwa misumari mine, pembe zote sawa. Rido ikafunika dirisha. Muto nikaupigapiga. Bulangeti niliikunja miguuni, kwa heshima tu. Mifuko mitupu nikaitia chini ya kitanda. Wasichana wa vyumba vingine walikuja kuangalia, mmoja akasema ni kama chumba ya bibi arusi. Nikamwambia arudie, Kétsia hakusikia vizuri.

Kétsia alilala juu yake, na viatu. «Vua.» Akavua. Mimi nimelala na Gaëlle kwa kitanda yake.

Siku ya posho, 16/11

Nililala! Toka Kétsia atoke Pinga sijalala hivi. Nilizama kama jiwe, sikusikia hata mvua, na Gaëlle anasema ilikuwa mvua ya kupasua bati.

Nilipofungua macho kulikuwa kumekucha. Kitanda ya chuma, chuma tu. Chandarua imekunjwa. Rido imekunjwa. Mifuko miwili kwa mulango, fundo. Na yeye ameketi chini, mugongo kwa mulango, viatu miguuni, ananiangalia.

Nilikasirika, niseme ukweli. «Siku mbili kwa matope! Na mutoto wa watu ungemwangusha chini! Na Mama Emérita yuko na kalamu! Unataka nini tena, Kétsia? Unataka niseme nini kule Pinga?»

«Sema vile unasemaka.»

«Nasemaka nini?»

«Sikio ya Nyumba.»

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali.

«Mama, ulilala muzuri usiku?»

«Nililala.»

«Najua. Nilikusikia. Kule nyumbani ulilala muzuri kila siku. Papa naye. Mudogo wangu Blandine naye. Mimi nilikuwa na miaka minane, ukanishika kichwa mbele ya wantu, ukasema huyu njo sikio. Nilifurahi, mama, usifikiri sikufurahi. Lakini kwa hospitali tunafundishwa: muganga wa usiku hatoki mpaka wa asubuhi amefika. Wanapita pamoja kitanda kwa kitanda, huyu anaonyesha, yule anapokea, wanaandika, wanatia sahihi. Ndipo wa usiku anaenda kulala. Ukitoka bila mwenye kukupokea, umetupa wagonjwa.» Akashika fundo ya mufuko. «Mimi hakuna aliyekuja kunipokea.»

Miaka kumi na moja. Nimeisimulia kwa arusi, kwa matanga, kwa kanisa, kwa soko, na hata siku moja sikumwambia: sasa inatosha. Mimi ninayejisifu nalala kama jiwe, nililala juu ya masikio ya mutoto. Na toka atoke nyumbani sikulala, nikasingizia mvua.

Nilikaa chini kwa simenti kando yake. Gaëlle alikuwa angali analala, mudomo wazi.

Kisha nikasema: «Lete kalamu.»

«Ya nini?»

«Ya remise-reprise, karatasi ya kutoa na kupokea kazi. Hata chef de poste akihama wanaifanya. Unafikiri mimi sijui kazi ya serikali?»

Alicheka kidogo, pua tu. Lakini alileta. Tumeiandika hapa chini, kwa kaye hii, ili mwenye atasema nimeongeza aone:

«Leo, tarehe 16 mwezi wa kumi na moja, chumba namba tisa. Mimi Kétsia Kasika natoa kazi ya kusikia. Mimi Rosalie, mama yake, napokea kazi ya kusikia. Vitu vinavyotolewa: mulango moja, komeo moja inayofunga muzuri, dirisha moja na kioo kilichopasuka, mifuko miwili, Gaëlle moja. Hali ya vitu: yote iko salama. Mwenye kutoa hana deni la kazi. Toka sasa, kikisikika kitu, ni mwenye kupokea njo ataamuka.»

Kétsia alisoma kila mustari na kidole. Akasema: «Ongeza choo cha inje, mulango wake unagonga, usiogope.» Nikaongeza. Tukamuamsha Gaëlle awe shahidi. «Nani amekufa?» akauliza. «Hakuna. Tia sahihi.» Akatia, na kitambaa cha usingizi kwa kichwa, akarudi kulala. Kétsia akatia sahihi yake ya shule, ndefu. Mimi nikaandika jina langu muzima, na kwa sababu hakuna muhuri nikapaka wino ya bic kwa kidole gumba nikakandamiza.

Nikatandika mara ya pili. Yeye hakunisaidia, alikuwa ananiangalia mikono. Alipovua viatu alinipatia mimi, nikaviweka kwa upande wangu. Nikaketi pale alipoketi, mugongo kwa mulango.

«Mama, usilale.»

«Sitalala.»

«Ukisikia wamenyamaza...»

«Mimi njo nitasikia. Si umesaini?»

Ilikuwa haijafika saa sita ya muchana. Alilala.

Siku ya Mungu, 17/11

Alilala jana yote, usiku yote, na leo mpaka kengele ya kanisa ya pili. Aligeuka mara mbili. Mara moja alisema jina la Blandine, mudogo wake.

Na mimi nilisikia. Moteri ya kusaga. Mbuzi. Mulango wa choo. Muntu anakimbia, kumbe anakimbia mvua. Wasichana wanacheka, kisha wamenyamaza wote pamoja, na mimi nikashika viatu vya Kétsia. Kumbe walikuwa wanaomba mbele ya kula. Usiku, viatu vinapita, vinasimama, vinapita. Kila sauti naamuka kwa magoti, mukono kwa komeo. Siku moja tu, na leo mugongo unauma na macho ni kama yana mchanga. Hii njo kazi niliyompa mutoto wa miaka minane, nikaiita sifa.

Alipoamka alikuwa na alama ya muto kwa shavu. Aliniangalia: «Uko?» «Niko.» Akaomba chakula. Alikula bugali ya watu wawili na sombe yote ya Gaëlle.

Kisha swali lake lilikuja, maana ni mwenye akili: «Ukirudi Pinga, utasikia mulango ya Walikale namna gani?»

18/11

Nililiwazia usiku. Vile viatu vinavyopita na kusimama ni vya nani? Asubuhi nikaenda kwa lango na kaye, Kétsia nyuma yangu akiona haya.

«Papa Jean-Luc, viatu vya usiku ni vyako?»

«Ni vyangu. Kila saa nazunguka. Kuna shida?»

Nikamupa asome. Alisoma kama alivyosoma carte yangu, polepole, mbele na nyuma. Niliogopa atacheka. Hakucheka. Alimuangalia Kétsia, akasema:

«Mademoiselle, hii kazi ni yangu miaka sita. Mimi na mwenzangu wa muchana. Kumbe namba tisa mulikuwa munatuibia kazi?»

«Samahani, Papa.»

«Unasikia nini usiku?»

Kétsia akamwambia. Mbwa wa upande wa mto wa maji, wako watatu. Pikipiki ya saa tano, ya muganga. Mlango wa jiko uliolegea. Alisema mambo mengi, na Jean-Luc anaitika, «njo vile, njo vile», mpaka walipofika kwa kitu kimoja, mufereji wa nyuma ya ukuta, na hapo Jean-Luc akasema: «Huo siujui. Nionyeshe.» Wakaenda wote wawili. Walizunguka ukuta mzima kama waganga wanapita vitanda, huyu anaonyesha, yule anapokea. Nilibaki kwa lango, na mama moja akaja, nikamwambia: «Carte.»

Waliporudi Jean-Luc akatia sahihi. Alisema kukiwa na jambo atapiga filimbi mara tatu kwa dirisha ya namba tisa, kabla ya kwenda kwa dirisha ya mukuu wa internat. Akaipiga muchana ule, mara tatu, Kétsia aijue. Wanafunzi wote wakatoka mbio. Gaëlle hakutoka.

Nimeondoka na bulangeti yangu. Huku ni joto ya kweli.

Pinga, 20/11

Nimefika. Mukasine ameuliza. Nikamwambia yote, hata mizani. Alininyamazia, kisha akaniletea maharagi yaliyoiva. Sikujua kama anajua kunyamaza.

27/11

«Kétsia?» «Nalala masaa matano mama, wakati mwingine sita. Naamuka kidogo, nasikia viatu vya Papa Jean-Luc, narudi.» Mufuko moja bado iko kwa mulango, na ndani ni vitabu na sufuria tu. Hiyo moja akae nayo.

1/12

Sasa huku kwetu kazi ya kusikia ni yangu. Nimemwomba Faustin achukue siku ya ine na siku ya tano. Alikubali na akatia sahihi. Siku ya ine, saa mbili ya usiku, alikuwa anakoroma. Nimemufukuza kazi.

5/12

Mvua. Nimesikia yote.

8/12

Faustin ameomba kurudishwa kazini. Alikunywa kahawa kwanza. Alifika asubuhi bila kulala! Anasema hakujua nyumba yetu inalia hivi kwa bati. Nikamwambia: mutoto wako alijua.

13/12

Staji imeisha. Kumi na ine kwa makumi mbili. Mama Emérita aliandika kwa dosiye, chini ya lile neno la kwanza: «Yuko macho.» Nililia nyuma ya kanisa, rezo ikakatika, nikaendelea kulia bila rezo.

Siku ya posho, 21/12

Leo Mukasine alikuwa na wageni, wale wa Masisi tena, na kabla sijakaa akasema: «Mama Kétsia, watu wanataka ile ya Sikio ya Nyumba.» Wakageuza viti.

Nikasimama. Nikasema ile sitaisema tena, mwenyewe ameshatoa kazi. Lakini niko na ingine. Jana Gaëlle alinipigia simu. Siku ya posho iliyopita ilikuwa salongo kwa internat, wanafunzi wote inje na mafagio toka saa moja. Walipiga kengele, wakagonga mulango, wakaita kwa jina. Kétsia Kasika, wa sabini na moja kwa mia, aliamuka saa tatu, jua liko juu, salongo imekwisha, nywele zimesimama. Wamemupa azabu ya kusafisha vyoo juma nzima. Hakusikia kitu! Hata kengele!

Wakacheka. Mzee moja wa nyuma akasema hakushika muzuri, mutoto alifanya nini? Nikapanda juu ya kiti ili nirudie, Mukasine akanishikia miguu.